Kibanda Kinamsema Nani?

Mahali pa kazi humweleza mwenyewe, lakini si kwa kiasi ambacho watu hudhani, wala si kwa vitu wanavyovitazama kwanza. Picha ya familia juu ya dawati, kalenda ya kanisa, skafu ya timu na kikombe chenye jina huwekwa ili vionekane, na mtu huchagua anachotaka kuonyesha. Vipande vya uzi chini ya cherehani, daftari lililokunjamana kona, spana iliyorudishwa kwenye msumari wake bila mtu kuambiwa: hivi hakuna aliyevipanga kwa ajili ya mgeni. Vimebaki tu baada ya kazi. Anayetaka kumjua mwenye meza kupitia meza yake huanza kwa kutenganisha mafungu haya mawili, na wengi hukosea hapohapo.

Uchunguzi unaotajwa sana kuhusu suala hili ni wa mwanasaikolojia Samuel Gosling wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na wenzake watatu, uliochapishwa mwaka 2002. Walitumia ofisi 94 na vyumba vya kulala 83 nchini Marekani. Watazamaji wasiowafahamu wenyewe waliingia wakati wenyewe hawapo. Majina na picha za wenyewe zilikuwa zimefunikwa, kwa hiyo hapakuwa na uso wala jina la kumsaidia mtu kukisia. Kila mtazamaji aliangalia, kisha akajaza fomu akieleza mwenye chumba ni mtu wa namna gani. Makisio hayo yalipimwa kwa maelezo ya mwenyewe kuhusu nafsi yake na ya watu wanaomjua vizuri.

Hulka za mtu zilipimwa kwa mizani ambayo wanasaikolojia wengi huitumia siku hizi, yenye pande tano: kupenda mambo mapya, umakini katika kazi na ahadi, uchangamfu mbele za watu, upole kwa wengine, na utulivu wa moyo. Kila mtu ana kiasi fulani cha kila hulka. Hakuna aliye nacho chote au aliyekosa kabisa.

Kupenda mambo mapya ndiko kulikosomeka vizuri zaidi, ofisini na chumbani. Kilichomtambulisha mtu si wingi wa vitabu bali utofauti wake, pamoja na vitu vya pekee ambavyo jirani hana. Umakini nao ulionekana, hasa katika mpangilio: vitu safi, vilivyo mahali pake, visivyorundikana. Ofisi ya mchangamfu ilikuwa na namna ya kumkaribisha mtu aingie na akae. Upole ndio uliowashinda watazamaji, na ofisini karibu hawakuuona kabisa. Hata hivyo hawakusita kuutolea hukumu. Waliona chumba kinachopendeza, wakasema mwenyewe ni mtu mwema. Walikisia pia jinsia na asili ya mwenye chumba, kisha wakajaza mapengo kwa dhana walizokuja nazo kuhusu wanawake, wanaume na watu wa rangi fulani.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, Gosling aliongeza fungu la tatu juu ya yale mawili ya kujionyesha na ya masalia ya kazi. Ni vitu ambavyo mtu huviweka kwa ajili ya moyo wake mwenyewe, kama picha ya mama iliyo ndani ya droo, redio ndogo inayoongea siku nzima, au kiti kilichogeuzwa kielekee dirishani. Mgeni hakusudiwi avione, na pengine hatavielewa akiviona. Mfano mwepesi wa kuyatofautisha mafungu haya ni upande ambao picha imeelekezwa. Picha ya watoto inayomtazama mteja humwambia mteja jambo, na ile inayomtazama mwenye meza humtuliza mwenyewe.

Ofisi hizo 94 zilikuwa na sifa moja ambayo hailingani na sehemu kubwa ya kazi za Afrika Mashariki: mwenye ofisi alikuwa na nafasi yake maalumu ya kazi na ruhusa ya kuitumia. Nchini Kenya wafanyakazi wengi wamo katika sekta isiyo rasmi, iitwayo jua kali, ambayo Shirika la Kazi Duniani lilivuta macho ya dunia kwake kwa ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini humo. Mahali pao pa kazi ni kibanda, baraza la duka la mtu mwingine, kivuli cha mwembe, kiti cha pikipiki au ubao wa mtumbwi. Kwa hiyo swali la hulka likiulizwa katika soko la Kenya, huja na swali jingine mbele yake: kati ya vyote vinavyoonekana hapa, vipi ni vya mwenyewe?

Otonglo ni mahali pazuri pa kulijaribu swali hilo. Ni soko na makazi kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, mbele ya uwanja wa ndege wa Kisumu ukitoka mjini, kabla ya kufika Kisian. Lina sura ya masoko mengi ya barabarani ya ukanda wa ziwa: maduka ya mawe na ya mabati, mafundi wa kuchomelea, vinyozi, mawakala wa pesa za simu, wauza mboga na samaki, mafundi wa nguo barazani, na kijiwe cha boda boda.

Kinachoonekana kwanza ni rangi, na rangi ndiyo inayodanganya zaidi. Tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, vibanda vya kijani vimeenea nchi nzima, na washindani wake wana rangi zao. Kampuni za soda, saruji, rangi na unga wa sabuni nazo hupaka kuta za maduka ya barabarani, na mwenye duka hupata ukuta mpya bila gharama. Anayeona ukuta unaong'aa akasema mwenyewe ni mchangamfu amemsoma mtu wa masoko aliyeko Nairobi. Ndani ya kibanda mambo ni hayohayo. Bango la ada limetoka kwa kampuni. Namba ya wakala lazima ionekane. Leseni ya biashara ya kaunti hubandikwa ukutani kwa sababu askari wa kaunti ataiulizia. Dirisha lenye nondo limewekwa kwa hofu ya wezi, na yeyote ambaye angekaa hapo na pesa taslimu angeliweka.

Kazi yenyewe nayo ina sura yake. Karakana ya kuchomelea huwa nyeusi kwa moshi hata kama mwenyewe hupiga deki kila jioni, na meza ya muuza samaki huwa na magamba na maji. Vumbi la mbao halimwambii mtu lolote kuhusu seremala. Ndiyo maana kulinganisha fundi wa chuma na wakala wa benki hakuna maana. Kinachofaa ni kulinganisha fundi wa chuma na mwenzake aliye mlango wa pili, wenye kazi moja, kodi moja na vumbi moja. Tofauti inayobaki kati yao ndiyo inayoweza kuhusishwa na nafsi zao.

Tena kuna ardhi. Vibanda vingi vya barabarani nchini Kenya vimekaa kwenye hifadhi ya barabara, na mamlaka ikitaka kupanua njia, mwenyewe hutakiwa kubomoa na kuondoka. Mtu aliye katika hali hiyo hamwagi saruji sakafuni wala hatundiki rafu nzito. Hutumia meza inayobebeka, turubai, kreti za soda na kufuli. Mgeni huona kibanda kitupu na kumhesabu mwenyewe kuwa baridi au asiyejali, kumbe amejali sana asije akapoteza alichonacho. Kwa jinsi masoko haya yalivyo, nafasi ya mtu kukaa pale miaka mitano ijayo huonekana kibandani kwa wazi kuliko hulka yake.

Baada ya kuondoa vya kampuni, vya kaunti, vya kazi na vya ardhi, bado kitu kinabaki, na hakipatikani ukutani. Baraza la fundi wa nguo linakionyesha vizuri kwa sababu kazi yake huacha masalia mengi. Cherehani ya kukanyaga imeelekezwa barabarani ili apate mwanga na aone wapitao. Futi ya kupimia iko shingoni. Chaki, wembe na pini zimo kwenye kopo la maziwa ya unga. Karibu na mguu wa kulia kuna rundo la nguo ambalo mteja hulitazama kwa wasiwasi akitafuta kitambaa chake. Kwa macho ya mgeni ni fujo tupu. Ukikaa kidogo utaona kwamba rundo lina utaratibu: juu ziko zile za Ijumaa, chini zile ambazo mteja hajamaliza kulipia, na sare za shule zimefungwa pamoja kwa kipande cha pindo. Vipimo vya wateja viko kwenye daftari la shule lililojaa mafuta ya mashine, kila ukurasa na jina lake.

Mwaka 1983 mtafiti Thomas Malone, wakati huo akiwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, alichapisha makala kuhusu jinsi watu wanavyopanga madawati yao. Aliona kwamba wapo wanaoweka karatasi kwenye majalada na wapo wanaozirundika, na kwamba rundo lina kazi yake: humkumbusha mtu lililobaki. Karatasi iliyo ndani ya kabati imehifadhiwa vizuri na imesahaulika vizuri. Rundo la fundi wa nguo ni orodha ya kazi yenye uzito na rangi. Kwa hiyo umakini wake haupimwi kwa kuangalia kama kuna rundo au hakuna. Kipimo ni muda anaochukua kulitoa gauni linalotakiwa.

Kwa fundi wa pikipiki dalili iliyo wazi ni ubao wa zana. Wapo wanaochora kwa rangi umbo la kila spana ukutani, chombo kikikosekana nafasi yake ionekane mara moja. Wengine huweka zana zote kwenye debe moja na kuchakura. Wote wawili huenda wakaifunga injini sawasawa, ila wa kwanza amejenga utaratibu ambao hata mwanafunzi wake atalazimika kuufuata. Katika masoko ambako mafundi huazimana zana kila saa, ubao wa namna hiyo ni jambo kubwa kidogo kuliko unavyoonekana: ni namna ya kusema hapana bila kuisema.

Mapambo ya makusudi nayo hayana uzito sawa. Thamani ya pambo kama habari hutegemea ni wangapi wengine wanalo. Kisumu ni ngome ya Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka 1968 na iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Stika ya kijani kwenye kioo cha kinyozi wa Otonglo haimtofautishi na kinyozi mwingine yeyote. Stika ya wapinzani wao wa jadi, AFC Leopards, mahali hapohapo ingekuwa na mengi ya kusema: huyu hajali kutaniwa kutwa nzima, au ametoka upande wa Magharibi, au vyote viwili. Picha za mwanasiasa Raila Odinga, aliyefariki dunia tarehe 15 Oktoba 2025, ni vivyo hivyo. Katika maduka ya ukanda wa Nyanza picha hiyo ni alama ya jamii na ya historia yake kabla ya kuwa alama ya mtu binafsi. Ndicho kisa vitu vya pekee vilifaa zaidi katika ofisi za Gosling kuliko vitu vya kawaida.

Picha ya Rais ina historia nyingine. Katika miaka ya utawala wa Daniel arap Moi, kuanzia 1978 hadi 2002, ilikuwa vigumu kuingia duka au ofisi nchini Kenya bila kuikuta ukutani. Aliyempenda aliitundika, na aliyemchukia aliitundika juu zaidi. Kwa miaka 24 ukuta huo ulionyesha woga na busara ya watu wote kwa pamoja, na haukumtenga mtu na jirani yake. Kidogo kilichoweza kusomeka kilikuwa pembeni: fremu iliyofutwa vumbi au isiyofutwa, na kile ambacho mtu alikitundika kando yake kwa hiari.

Maandishi ya onyo yana hila yake. Maduka mengi ya Kenya na Tanzania hubandika methali au kauli ya kukataza mikopo, na "Kukopa harusi, kulipa matanga" ndiyo inayojulikana zaidi. Mgeni husoma na kumwona mwenye duka kuwa mtu mgumu. Chini ya kaunta hiyohiyo kuna daftari la madeni, limejaa majina ya majirani, unga kilo mbili, mafuta ya kupikia, sabuni. Upole, ile hulka ambayo watazamaji wa Gosling walishindwa kuiona ofisini, pengine umekaa humo. Hata hivyo daftari nalo halisomeki kirahisi. Orodha ndefu ya madeni inaweza kuwa ya mtu mwenye huruma, ya mtu asiyeweza kukataa, au ya mfanyabiashara mjanja anayejua kwamba mdaiwa hahamii duka jingine. Majina yaliyofutwa bila tarehe ya malipo yana uzito zaidi, na hayo hakuna mgeni anayeonyeshwa.

Ziwani swali hugeuka tena. Mitumbwi ya mbao ya Ziwa Victoria hupakwa rangi kali na kuandikwa majina, mengine ya wazazi, mengine ya Mungu, mengine ya majigambo. Huko Dunga, kusini mwa jiji la Kisumu, mitumbwi iliyopandishwa ufuoni huwa na kila aina. Kishawishi cha kusoma majina hayo kama moyo wa mvuvi ni kikubwa, lakini mwenye mtumbwi mara nyingi haendi ziwani. Hununua chombo, nyavu na injini, huajiri wavuvi, na samaki wakipatikana hugawana kwa mafungu waliyokubaliana. Jina ni lake, namba ya usajili ni ya serikali, na mahali pa kazi ni pa watu wengine. Alichonacho mvuvi mwenyewe ni mfuko wa plastiki wenye koti, sigara au biblia, na mahali alipozoea kukaa.

Pikipiki ya boda boda iko katikati. Vifuniko vya viti, matambara ya matope yenye maneno, mwavuli na taa za ziada huchaguliwa na dereva. Ila wengi huendesha chombo cha tajiri kwa hesabu ya kila siku, au chombo cha mkopo ambacho hakijawa chao. Matatu zilipita njia ya kufanana na hii kwa upande wa sheria. Kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa mwezi Februari 2004 zililazimisha mstari wa manjano na kufuta michoro, kisha mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi. Madereva na makondakta walikuwa walewale kabla ya amri na baada yake.

Unadhifu unahitaji kutazamwa peke yake, kwa kuwa ndio watu wanaouhukumu kwa haraka kuliko yote. Kwanza, unaweza kuwa wa taasisi. Kisian, kilomita chache kutoka Otonglo, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Katika maabara ya aina yoyote, meza huwa tupu na safi kwa kanuni za usalama. Chakula hakiingii, na kitu kisichohitajika huondolewa. Nchini Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia mfumo wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, ambao wahudumu wa afya nchini wanaujua kwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mfumo huo ukaenea katika hospitali nyingine. Kabati lenye lebo katika wodi kama hizo ni matunda ya mafunzo, na muuguzi mzembe wa moyo anaweza kuwa na kabati la mfano mradi msimamizi anapita.

Pili, uhusiano wa meza na mtu unaweza kwenda kinyume: meza ikamfinyanga mwenyewe. Kathleen Vohs wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walichapisha mwaka 2013 majaribio yaliyowaweka watu katika vyumba nadhifu na vyumba vyenye fujo. Waliokuwa kwenye unadhifu walitoa michango zaidi na kuchagua tofaa badala ya peremende. Waliokuwa kwenye fujo walibuni matumizi ya kuvutia zaidi ya mpira wa tenisi ya meza. Habari hiyo iliwafurahisha wenye meza chafu duniani kote. Watafiti wengine waliolipima upya jambo la fujo na ubunifu miaka michache baadaye hawakuiona tofauti hiyo, hivyo si vyema kuitegemea. Wenye meza zilizorundikana hupenda pia kutaja picha ya ofisi ya Albert Einstein huko Princeton, iliyopigwa na Ralph Morse siku mwanasayansi huyo alipofariki, tarehe 18 Aprili 1955. Picha ni ya kweli. Wanaoitaja husahau kwamba fujo ya watu ambao hawakugundua lolote haikupigwa picha.

Lililo na ushahidi mzuri zaidi ni mamlaka ya mtu juu ya mahali pake. Craig Knight na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwapa watu kazi ileile katika ofisi za aina nne: tupu kabisa, iliyopambwa kwa mimea na picha, ile ambayo mfanyakazi aliipamba mwenyewe, na ile aliyoipamba kisha mtafiti akaja akaipangua mbele yake. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, ofisi iliyopambwa iliongeza ufanisi kwa takriban asilimia 17 kuliko tupu, na iliyopambwa na mwenyewe kwa takriban asilimia 32. Walioona mpangilio wao ukipanguliwa walipoteza faida yote. Pambo lilikuwa lilelile, na mimea ileile. Tofauti ilikuwa nani ameamua. Karani wa ofisi ya umma aliyeambiwa aondoe picha za watoto wake kwenye dawati kwa sababu ya ugeni wa mkubwa fulani angeyaelewa matokeo hayo bila jedwali.

Mwaka 2000 Meredith Wells alionyesha, kwa kuchunguza wafanyakazi wa ofisi huko California, kwamba wanawake huweka vitu vingi zaidi vya kibinafsi kuliko wanaume, hasa vya familia, marafiki na mimea, huku wanaume wakielekea kwenye michezo na tuzo zao. Alionyesha pia kwamba sera ya kampuni huamua sana nani anaonekana kuwa na nafsi mezani pake. Kwenye ofisi za pamoja, ambako watu hukalia dawati lolote lililo wazi, kama zilivyo nafasi za vijana wa teknolojia mjini Kisumu, LakeHub ikiwa mojawapo, alama zimehamia kwenye vitu vinavyobebeka: stika nyuma ya kompyuta ya mapajani, kikombe, vipokea sauti vya masikioni. Wakala wa M-Pesa asiyeweza kugusa ukuta wake hufanya vivyo hivyo kwa simu. Picha yake ya WhatsApp na anachokiweka kwenye status kila asubuhi vimechaguliwa kwa uhuru ambao kibanda hakikumpa.

Zipo hali ambamo mahali pa kazi hapana uhuru wowote na kazi ikafanyika. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka 1977, na katika gereza la Kamiti aliandika riwaya ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwenye karatasi za chooni. Ilichapishwa mwaka 1980. Aliyechungulia chumba kile angeona kitanda, ndoo na karatasi hizo, vitu ambavyo wafungwa wote walipewa. Kilichokuwa chake ni mwandiko tu, na ulikuwa umefichwa.

Wanaosoma vibanda kwa riziki yao ni maafisa wa mikopo midogo. Kabla ya kumkopesha mwenye duka, afisa huja kuliona. Huangalia bidhaa kwenye rafu, huuliza kitabu cha hesabu, hutazama wateja wanavyoingia na kutoka, na huzungumza na majirani. Njia hiyo, iliyokuwepo kabla ya utafiti wa Gosling, inapatana nao kuliko mtu angetarajia, kwa sababu imejengwa juu ya masalia ya kazi na si juu ya mapambo. Tarehe zilizofuatana bila kuruka katika kitabu cha hesabu ni dalili ya umakini. Bidhaa ya aina mpya ambayo jirani hajaileta, iliyowekwa kwa idadi ndogo ya majaribio, ni dalili ya mtu anayependa kujaribu. Uaminifu wake, na kama atalipa mwaka wa ukame au mtoto anapougua, havimo rafuni. Ndiyo sababu afisa hupita kwa majirani, na mashirika mengi bado hudai wadhamini au kikundi.